Nyumba Kubwa Ndiyo Huanza

Mtu akikuambia kwamba mke mkubwa haoni wivu, jua huyo hajawahi kuwa mke mkubwa. Mimi ninao, na siufichi. Unaamka na mimi alfajiri, unakanda unga na mimi, na jioni nikifunga kibanda changu cha chapati pale Malaba, kando ya foleni ya matrela, unanifuata mpaka nyumbani.

Edith alipoletwa nilimwonea wivu wa kawaida tu. Alikuwa na ngozi laini na sauti ya kubembeleza: "Baba Alvin, chai yako iko tayari." Mfyuu! Nicholas, mume wetu, ni ajenti wa kugomboa mizigo mpakani. Mchana kutwa anagombana na madereva na matanboi, wale wasaidizi wao wa lori, koo linamkauka, lakini akiingia kwa Edith anaongea pole pole kama mgonjwa. Niliumia, nikanuna, mwishowe nikazoea. Nyumba yangu ilibaki kuwa nyumba kubwa, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Sisi ni Wasamia. Shamba tulinunua huku juu, upande wa Malaba, lakini mila tulikuja nazo. Mvua ya Machi ikianguka, mbegu ya kwanza lazima iingie shamba la mke mkubwa. Mke mdogo anaweza kuwa amelima, amepiga mistari, mbegu ziko kwenye beseni, lakini atangoja. Akitangulia, ameleta balaa nyumbani. Basi mwaka huu nilichelewa makusudi. Majirani wote walikuwa wameshapanda, na mimi bado nasema mgongo unaniuma. Edith akawa anakuja kila asubuhi kusimama kwenye mpaka wa shamba lake, beseni mkononi, anatazama mlango wangu. Mimi ndani nakunywa chai, na nilisikia raha, kwa nini nidanganye.

Nilipopanda hatimaye, naye akapanda, jioni hiyo hiyo akaja jikoni kwangu na udongo bado miguuni.

"Dada," akasema, "nimepata nafasi chuoni. Uuguzi."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Niliendelea kuchambua. "Chuo gani?"

"Kile cha kanisa, kule Busia. Wamesema nije na vyeti vyangu."

"Hongera," nikamwambia, na hilo neno lilitoka kwa shida.

Hapo ndipo wivu wangu ulipobadilika. Ule wa kwanza ulikuwa wa mwanamume, na mwanamume mnaweza kugawana: siku zako, siku zangu, yanaisha. Huu wa pili ulikuwa wa shule. Edith alimaliza kidato cha nne na alama nzuri. Mimi niliishia kidato cha tatu, na msidhani nilikuwa mjinga. Kwenye Biolojia hakukuwa na mtu wa kunishika. Ukiniamsha hata leo nitakuchorea moyo, vyumba vyake na mishipa yake, damu inaingia wapi na inatoka wapi. Lakini nilishika mimba. Mwalimu wa zamu aliniona nikitapika asubuhi, nikaitwa ofisini, baba akaitwa, na kabla ya saa sita nilikuwa njiani na godoro kichwani, wasichana wenzangu wamejaa madirishani. Ndiyo mimba ya Alvin, kijana wangu. Nicholas alikuja akanioa, nashukuru. Shule hakuna aliyeitaja tena. Enzi zetu ilikuwa hivyo, nilijiambia. Hakukuwa na sheria. Tumbo likionekana, unabeba godoro.

Sasa huyu mtoto wa juzi, aliyenikuta kwa mume wangu, ndiye avae sare nyeupe? Ndiye aitwe sista, na mimi nimpikie chapati za kubeba kazini? Usiku huo sikuonja chakula.

Basi Mungu naye ana yake. Edith alienda Busia na vyeti vyake, akarudi macho yamevimba. Mkuu wa chuo, Bwana Eriaku, alikuwa amemuuliza maswali: umeolewa? Ndiyo. Mume ana mke mwingine? Edith, kwa ujinga wake wa kusema ukweli, akasema ndiyo, mimi ni wa pili. Basi akaambiwa arudi nyumbani. Chuo ni cha kanisa, kina maadili, hakipokei wake wa pili.

"Pole sana, mama," nikamwambia Edith, nikamkumbatia kabisa. Kisha nikaingia jikoni nikakaanga omena kwa nyanya na kitunguu, vizuri, nikamsongea na ugali wa wimbi, nikampelekea. Mtu angeniona angesema, tazama mke mwenza mwenye roho safi. Kumbe ilikuwa sherehe yangu.

Sherehe haikudumu. Edith ni mpole, lakini upole wake una kichwa kigumu ndani. Alikwenda kwa Zulaika, msichana wa Mzee Osman anayeuza vipuri vya malori mjini Busia. Zulaika amesomea uwakili na ana ofisi ndogo juu ya duka la babake. Siku chache baadaye nawaona wawili hao wanakuja kibandani kwangu, Zulaika na buibui lake na viatu vya raba, Edith nyuma yake anatazama chini.

"Shikamoo, Mama Alvin," Zulaika akasema. "Tunaweza kuongea ukiendelea na kazi?"

"Marahaba. Ongea tu. Masikio hayapiki."

Akanieleza kwa lugha rahisi, namshukuru kwa hilo. Alisema Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ameolewa au hajaolewa, ameolewa wa kwanza au wa pili. Inakataza kubagua kwa dini, kwa kabila, kwa umri, kwa ulemavu, kwa mavazi. Na si serikali peke yake inayokatazwa; hata chuo cha mtu binafsi, hata cha kanisa. Alikuwa amekwenda kumwambia Bwana Eriaku maneno hayo hayo, na Bwana Eriaku akageuza wimbo. Sasa anasema hakumkataa Edith. Anasema tu kwamba kwa ajili ya amani ya nyumba, aje mke mkubwa aseme kwa mdomo wake mwenyewe kuwa hana pingamizi.

"Anajua hakuna mke mkubwa atakayekuja," nikasema.

"Ndiyo maana ameweka sharti hilo," Zulaika akanijibu. "Na hilo sharti lenyewe ni ubaguzi. Mbele ya jaji lingeanguka. Lakini kesi ni ya miezi, na usajili unafungwa Ijumaa. Ijumaa ikipita, nafasi ya Edith anapewa mwingine. Mimi nitamtetea kwa vyovyote. Lakini wewe ukija ukasema, anaingia Jumatatu."

Chapati iliyokuwa kwenye kikaango iliungua. Niliitupa kando, nikaweka nyingine. Dereva mmoja aliyekuwa anangoja akalalamika, nikamwambia kama ana haraka avuke Uganda akale rolex, chapati yao ya kuviringishia mayai.

"Nitakuja," nikasema.

Edith akainua macho. Hakuniuliza nitasema nini. Aliogopa, nami nilifurahi kwamba anaogopa.

Jioni Nicholas alikaa kwangu kwa chakula, akijikunakuna shingo vile anafanyaga akitaka kukwepa jambo.

"Mama Alvin, mambo haya ni yako," akasema. "Mimi siingilii. Hapa nyumbani hakuna kitu kinaanzia nyumba ndogo. Unajua."

"Kwa hiyo unataka aende au asiende?"

"Mimi nimesema ni yako."

Mwanamume mzima anajificha nyuma ya mila kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Lakini neno lake lilinikaa kichwani. Hakuna kitu kinaanzia nyumba ndogo. Nilivyoliwaza ndivyo lilivyozidi kunipendeza. Kama mahindi yanaanza kwangu, kama nyumba inajengwa kwangu kwanza, kwa nini masomo yaruke ukuta yaanzie kwa Edith? Ni haki yangu. Asubuhi nilikuwa nimeamua nitakachosema, na sikumwambia mtu.

Alhamisi nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikafunga kilemba, tukaenda Busia. Zulaika alitungojea langoni. Chuo ni kizuri, siwezi kusema uongo: ua umefagiliwa, maua mekundu kando ya njia, na wasichana wamevaa sare nyeupe na sweta za buluu wanapita na vitabu kifuani. Mmoja alikuwa anamsomea mwenzake majina ya mifupa, wanacheka. Nilimtazama Edith, naye alikuwa anawatazama vile vile kama mimi, na nikamchukia zaidi kwa kutazama kitu changu.

Bwana Eriaku alikuwa mtu wa tai na miwani, mkono laini. Aliinuka nilipoingia. Mimi! Akanivutia kiti mwenyewe, kile chenye mto. Akaagiza niletewe soda. Zulaika alijitafutia benchi ukutani. Edith hakuonyeshwa pa kukaa, akabaki amesimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Karibu sana, mama," Bwana Eriaku akasema. "Wewe ndiye mke tunayemtambua. Hawa wengine, mama, tunajua wanavyoingia kwenye nyumba za watu. Wewe ndiye umejenga. Pole kwa yote."

Jamani, nilijisikia vizuri. Tangu Edith aje, hakuna mtu aliyeniambia pole. Ukweni wanasema ni kawaida, kanisani wanasema niombe, sokoni wanacheka. Na sasa huyu msomi, mwenye ofisi na kalamu mbili mfukoni, ananiita mama na kuniambia pole. Nilikunywa soda ile kwa madaha. Nilimtazama Edith mlangoni, nikasema moyoni, unaona?

"Basi mama, tusikuchoshe," akasema. "Ni swali moja tu. Una pingamizi?"

"Ninalo," nikasema.

Edith alitoa sauti ndogo. Zulaika akafumba macho. Bwana Eriaku alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Kwetu, nyumba kubwa ndiyo huanza," nikaendelea. "Ni mila, na hata mume wetu amesema. Huyu hawezi kutangulia chuoni na mimi niko. Kwa hiyo pingamizi langu ni hili: niandikishe mimi kwanza. Mimi nikishaingia, huyu naye afuate. Hapo hatutakuwa na ubishi."

Halafu Bwana Eriaku akacheka. Hakucheka vibaya mwanzoni, alicheka kama mtu aliyeambiwa kichekesho kizuri, hata akavua miwani kuifuta.

"Wewe, mama? Ulifika kidato gani?"

"Cha tatu."

"Na cha nne?"

"Nilishika mimba."

"Aha." Akavaa miwani. "Basi, mama, tusidanganyane. Hata ungekuwa umemaliza. Wasichana waliozalia shuleni hatuwachukui, maadili ni maadili. Na umri huo, uketi na watoto? Wangekucheka. Wewe una kazi yako nzuri, nimesikia una chapati tamu pale Malaba. Kaa na chapati zako. Tusaidie tu kwa hili dogo la leo, sema huyu hapana, uende nyumbani na amani yako."

Chupa ya soda ilikuwa bado mkononi. Nikaelewa kile kiti. Kile kiti hakikuwa changu. Niliketishwa pale ili mwanamke amfukuze mwanamke mwenzake, halafu yeye anawe mikono na aseme ni wake wenza wenyewe waligombana. Mimi na Edith kwake tulikuwa takataka moja. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kazi ya dakika tano. Ati mke tunayemtambua! Ananitambua mpaka mlangoni. Mbwa huyu. Na nilikuwa nimeinywa pole yake yote na soda juu.

Niliweka chupa mezani kwake, juu ya karatasi zake, ikaacha duara la maji.

"Bwana Eriaku, sikusema vizuri," nikasema. "Nimefikiria. Sina pingamizi."

"Mama, usiharakishe. Fikiria nyumba yako."

"Nyumba yangu utaijua wewe? Huyu nikimtukana, namtukana mimi, tunajuana jikoni. Wewe humjui. Ulisema aje mke mkubwa aseme kwa mdomo wake. Nimekuja na mdomo wangu, huu hapa. Sina pingamizi, sina pingamizi, sina pingamizi. Unataka niseme na kwa Kisamia?"

"Mama, tuheshimiane."

"Tungeanza zamani."

Zulaika alisimama. Msichana yule haongei kwa sauti, lakini ukimsikia unakaa wima. "Sharti lako limetimizwa, Bwana Mkuu," akasema, "ingawa hukuwa na haki ya kuliweka. Na mimi nimesikia yote. Ndoa ya Edith. Mimba ya Mama Alvin. Na umri. Nilikuja na lalamiko moja, naondoka na matatu. Ukitaka tukayaeleze mahakamani, niambie sasa hivi, ofisi yangu haiko mbali."

Bwana Eriaku alimtazama, akanitazama, akaisogeza soda yangu kutoka kwenye karatasi zake. "Aripoti Jumatatu," akasema. Alimwambia dirisha, hakumwambia Edith.

Tulipotoka nje Edith alianza kupiga magoti pale pale kwenye njia, mbele ya wasichana wa watu.

"Inuka!" nikamwambia. "Usinitie aibu. Sikufanya kwa ajili yako. Nilikuja kukuzuia, mimi nitangulie, unasikia? Nilikuja na nia hiyo. Nakuonea wivu, sikufichi. Nikikuona na hilo sweta la buluu Jumatatu nitalia, na sitakuwa nalia kwa furaha."

"Najua, dada," Edith akasema. "Nilijua tangu kwenye mbegu."

"Ulijua na ukaja na mimi?"

"Ningekuja na nani?"

Tulitembea mpaka langoni, Zulaika katikati, tukasimama kungoja boda. Mimi bado nilikuwa natweta kwa hasira. Nikaanza kusema, kwa sababu nikiwa na hasira sinyamazi. Nikamwambia Zulaika kwamba Edith ana bahati, amezaliwa wakati mzuri, amekuta sheria imeshatengenezwa inamngoja. Sisi wa zamani tulifukuzwa kama kuku na hakukuwa hata na pa kulalamikia. Nikamwambia kama sheria hiyo ingekuja mapema kidogo, leo ni mimi ningekuwa namfundisha huyu Eriaku moyo una vyumba vingapi.

Zulaika alinisikiliza. Halafu akauliza, "Ilikuwa mwaka gani, Mama Alvin? Walipokutoa shuleni."

"Mwaka wa Alvin. Elfu mbili na kumi na mbili."

Akafanya kama anatafuta kitu mkobani.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Tuongee siku nyingine."

"Sema sasa."

Akafunga mkoba. "Katiba ni ya elfu mbili na kumi," akasema pole pole. "Mimba imetajwa humo humo, kando ya ndoa. Na hata kabla ya Katiba, serikali ilikuwa imeshawaambia walimu wakuu kwamba msichana akijifungua arudi darasani. Sheria ilikuwepo, dada. Hawakukuambia."

Boda ilikuja ikasimama. Mwenye boda akasema, "Twende, mama?" Zulaika akampungia mkono aende.

Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa, na ni hesabu ya mtoto. Nilikuwa nimetembea barabara ile yote na godoro kichwani, baba mbele hageuki, na nilikuwa na haki ya kugeuka nirudi. Mwalimu mkuu alijua. Alinitazama nikilia ofisini kwake, akijua. Siku zote hizi nimemlilia ngoa mtoto wa watu kwa kitu ambacho nilikuwa nacho mimi mwenyewe, kabla yake.

Nililia pale langoni, kwa sauti, na kitenge changu cha Pasaka. Edith hakunishika. Anajua sipendi kushikwa. Alisimama tu karibu, akanikinga wapita njia wasinione. Na hata hapo, na machozi yote yale, bado nilimwonea wivu. Wivu hauelewi mambo ya haki.

Nilipomaliza nikajifuta kwa ncha ya kilemba.

"Edith."

"Dada."

"Jumatatu ukiingia mle ndani, masikio yako yafungue. Ukisikia wanamfukuza msichana yeyote, kwa tumbo, kwa ndoa, kwa kitambaa cha kichwa, kwa lolote, usingoje akuulize. Hatakuuliza, hajui kama kuna kitu cha kuuliza. Mfuate njiani umwambie."